Eda ya Mwanamize na Masharti ya Hakimu

Mwanamize alikuwa na mikono ya rangi mbili. Kutoka begani mpaka kiwikoni alikuwa maji ya kunde kama sisi sote. Kutoka kiwikoni kushuka chini ngozi ilikuwa imepauka na kukakamaa, na vinyweleo havioti tena. Hiyo ni kazi ya tanuri. Mikate ya mofa haiokwi kwa kuitazama. Unachochea kuni ndani ya tanuri la udongo mpaka kuta zake ziive, unaacha moto ushuke yabaki makaa, halafu unaingiza mkono wako mzima na donge la mtama, unalibandika ubavuni mwa tanuri na kuutoa mkono kabla haujawa mkate na wenyewe. Mkate ukishaiva, unaubandua kwa koleo refu la chuma. Asubuhi nzima alikuwa hivyo, mkono ndani, mkono nje, na mdomo haukai kimya.

Maana alikuwa na sauti, Mwanamize. Kwao ni Kisiwa Panza, kusini kabisa, na huku kaskazini alikuja kwa kuolewa na Talib. Akiita "mofa moto!" kule ufukweni walikuwa wanasikia. Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta, sikuwahi kuhitaji saa. Nikimsikia anaita, najua ni wakati wa kuteleka chai.

Talib alikuwa mchumaji karafuu, mpole mpaka ukimwona unatamani kumtikisa. Mtoto hawakujaaliwa. Nyumba yao ilikuwa kwenye kiwanja cha familia, na kwenye kiwanja hicho hicho alikaa dada yake mkubwa Talib, Bimkubwa. Huyu alisomesha wanawake maulidi, akikaa mbele kwenye kila hitima, na akisema jambo la dini hapana wa kumpinga, kwa sababu wengine sote tulikuwa tumesoma chuo cha Kurani utotoni tukaishia kwenye kuchapwa. Talib akimwona dada yake anakuja huvaa shati.

Ugomvi wao ulianzia kwenye moshi. Bimkubwa alisema moshi wa tanuri unaingia kwenye nguo zake za kusalia. Mwanamize akamwambia, "Wifi, upepo si wangu, zungumza na mwenyewe." Maneno kama hayo kumwambia wifi mkubwa, na weye umekuja kwa kuolewa kutoka Kisiwa Panza! Yalikwenda hivyo mwaka na zaidi. Kisha asubuhi moja, tanuri limejaa mikate, Bimkubwa akaja na ndoo ya maji, hakupiga hodi wala hakutoa salamu, akaimimina yote ndani.

Nilikuwepo, nimekuja kuchukua mofa zangu. Tanuri lilipiga kelele kama mtu. Mvuke ukatoka, ubavu ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Mwanamize alikuwa na koleo mkononi kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya, hakulifuata popote. Akapiga mara moja. Mfupa wa mkono wa Bimkubwa ulivunjika pale juu ya kifundo, na mlio wake mimi niliusikia.

Polisi, hospitali, mahakama. Mwanamize hakukana. Alisema, "Nimempiga, mheshimiwa, na tanuri langu kalivunja, lakini nimempiga." Hakimu alikuwa mwanamke, mtu wa makamo, miwani imeshuka puani. Akasema kosa hili lina kifungo, lakini mshtakiwa amekiri, hana rekodi, na amechokozwa. Hatampeleka ndani. Atakaa nje mwaka mmoja chini ya afisa wa uangalizi. Masharti akayasoma polepole, tena akayarudia kwa lugha yetu ya nyumbani ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Asigombane na mtu. Asihame bila kuaga. Na kila Jumatatu ya mwanzo wa mwezi afike mwenyewe ofisini Wete, aonekane.

"Ukivunja hata moja," akasema hakimu, "utarudishwa hapa mbele yangu, na nitakuhukumu kwa kosa hili hili la kuvunja mkono, kama kwamba leo sijakusamehe. Umefahamu?"

"Nimefahamu, mheshimiwa."

Bimkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele, mkono umefungwa plasta. Alisikia neno kwa neno. Nakumbuka alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama anavyokitikisa mwanafunzi wake akisoma sawasawa.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya maji, ukitaka Wete upande boti ya mashine, ukae ubavu kwa ubavu na wanaume, magunia na mbuzi. Mwanamize hakukosa hata mara moja. Alikwenda mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Afisa wake alikuwa kijana wa Unguja anaitwa Haidar. Akifungua mdomo tu unajua huyu si wa huku, maneno yake yamepigwa pasi. Mwanamize alimpelekea mofa. Haidar akasema haruhusiwi kupokea kitu.

"Basi miye nile, weye unitazame," Mwanamize akamwambia, akakaa palepale ofisini akala. Mwezi uliofuata Haidar alinunua chai ya watu wawili.

Alikuwa amevuka nusu ya mwaka wake Talib alipoanguka. Ulikuwa msimu wa karafuu, mvua imenyesha, tawi likamtoka mguuni. Walimleta juu ya mlango uliong'olewa, na alipofika nyumbani alikuwa ameshakwisha.

Sasa hapa nataka niseme vizuri, maana watu wa mbali wanaweza kuona Mwanamize alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Siku ya maziko nyumba imejaa, wanawake tumekaa chini mpaka uani, Bimkubwa akasimama katikati, akasema mbele yetu sote, na machozi yanamtoka:

"Ndugu yangu alikuwa anapanda mikarafuu tangu mtoto, hajateleza. Kateleza mwaka huu. Kwa nini mwaka huu? Kwa sababu mwili ulikuwa juu ya mti na akili iko mahakamani, kwa aibu aliyoletewa na mkewe."

Mimi nilifungua mdomo, mama yangu akanibana paja. Mwanamize alikuwa amekaa juu ya godoro lake la eda, amefunikwa kitambaa cheupe, na kile kitambaa hakikutikisika.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hilo kila mmoja analijua. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki nyumbani kwake. Lakini Mwanamize aliikaa kama mtu anayelipa. Wanja hakuugusa, sawa, lakini hata kioo alikigeuza ukutani. Tanuri lenye kiraka likapoa. Hata kwangu, ukuta kwa ukuta, hakuja. Na ile sauti ikaingia ndani yake, ikajifungia.

Jumatatu ya mwanzo wa mwezi ilipokaribia nikaenda kwake.

"Shoga, Wete je?"

"Nipo edani."

"Najua upo edani, miye ndiye ninayekutekea maji. Nakuuliza Wete. Hakimu alisema nini?"

Kabla hajajibu, Bimkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni anachambua mchele, akasema, "Asya, mke wa ndugu yangu hapandi boti na wanaume na eda iko shingoni. Serikali na itusubiri. Hii ni amri ya Mungu."

"Bi mkubwa, nawe ulikuwepo siku ile. Hakimu alisema akivunja anafungwa."

"Kwani hakimu si Muislamu?"

Wanawake wakaitikia, "Naam!" na "Wallahi kweli!" Neno likaishia hapo. Nikamwinamia Mwanamize sikioni. "Nitakufunika gubigubi, tutakwenda asubuhi, adhuhuri haijafika umesharudi. Au niende miye nijivalishe ninja, nizibe uso, niseme miye ndiye weye?"

Akacheka kidogo, kwa pua. Ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka ndani ya eda ile. "Na mikono yako hii laini? Atakujua," akasema. Kisha akasema, "Niache, Asya."

Nikaenda peke yangu. Haidar alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anampa pole, na kwamba ataandika kuwa nimefika na nimesema nini. "Lakini mama yangu, masharti ni yake, hayabebwi na jirani. Lazima aonekane mwenyewe. Kama hawezi kuja, mimi nitamfuata. Nikimkuta nyumbani kwake, hesabu yake imetimia." Nikarudi na furaha zangu. Nikasema kumbe jambo dogo, kijana anakuja hapa hapa.

Alikuja mwezi uliofuata, viatu vyake mkononi kwa ajili ya tope la pwani. Ilikuwa siku ya kisomo, na wanawake walikuwa wengi uani. Mwanamize alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na mimi nilikuwa naye. Haidar akasimama mbali, karibu na tanuri, macho chini. Adabu alikuwa nayo.

"Assalamu alaykum, mama zangu. Poleni kwa msiba."

"Waalaykumu salamu. Tumeshapoa," akasema Bimkubwa. "Tukusaidie nini?"

"Mimi Haidar, natoka ofisi ya uangalizi. Nimekuja kumuona Bi Mwanamize."

"Kumuona!"

Uani kukawa vicheko. Bi Zulekha, mkongwe asiyekuwa na jino hata moja lakini ulimi uko kamili, akasema, "Lo! Kijana kavuka maji kuja kumuona mwenye eda! Kwenu Unguja ndivyo mnavyoposa siku hizi?"

Haidar akaona haya mpaka shingoni. "Hapana, bibi, si kumuona uso. Nimekosea kusema. Na abaki huko huko ndani. Nataka nimsikie tu kuwa yupo. Aseme neno moja. Aseme 'nipo'. Nitaandika nimemkuta, nitaieleza mahakama sababu ya kutofika, na hapatakuwa na neno."

Nikamgusa Mwanamize goti. "Sema," nikamnong'oneza.

Bimkubwa akaliweka chini sinia lake. "Sauti ya mwanamke aliye edani ni utupu," akasema. "Mwanamume asiye maharimu wake haisikii."

Nikashindwa kujizuia. Nikapiga kelele kutoka ndani, "Mbona jana alifukuza kuku na mzee mzima anapita njiani?"

"Kuku si mwanamume."

"Na mzee je?"

"Mzee yule kiziwi!" akadakia Bi Zulekha, na wanawake wakacheka tena, hata Bimkubwa akaziba mdomo kwa mtandio. Kwa dakika ile nilidhani mambo yatakwisha vyema. Watu wanacheka, atasema neno lake, kijana ataondoka.

Haidar hakucheka. Akainua sauti, siyo kwa ukali, ila ipenye. "Bi Mwanamize, unanisikia? Huu mwezi wa pili. Ukipita wa tatu mimi sina tena uwezo, jambo linakuwa la hakimu. Atakurudisha kwenye kosa la mwanzo na anaweza kukufunga. Sitaki ufungwe. Neno moja tu, mama yangu."

Mimi nilikuwa namtazama. Nakwambia alifungua mdomo. Midomo iliachana, nikaona ulimi umeinuka. Kisha macho yake yakaenda kwenye pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na kivuli cha Bimkubwa kimesimama kimya, na wanawake wote wametulia wanasubiri wamsikie mwenye eda akimsemesha mwanamume. Akaufunga mdomo, akauziba kwa mikono yake yote miwili, ile ya tanuri.

Haidar akangoja. Akasema "haya" kwa sauti ndogo, akaokota viatu vyake.

Walipotawanyika nilimgombeza. Nilimwambia maneno ambayo humwambii mfiwa. Kwa nini hukusema? Neno moja, Mwanamize, weye uliyekuwa ukiwaamsha wavuvi!

"Ningesema," akanijibu, "wangesema hata kumnyamazia mumewe hakuweza. Umewasikia siku ya maziko. Wanasema nimemuua. Asya, miye hapa sina mama, sina mtoto. Kilichonibakia ni hii eda. Niimalize safi, wasiione na doa. Wakishaona nimeimaliza safi, watajua nilimpenda."

"Na hakimu?"

"Hakimu atafahamu. Mtu mzima yule, tena mwanamke."

Mwezi wa tatu ukapita. Haidar hakuja. Mimi nilikwenda tena Wete, akaniambia kwa huzuni kwamba ameshapeleka taarifa mahakamani, kwa kuwa asingeipeleka angefukuzwa yeye kazi. Aliandika yote, akasema, na eda ameiandika. Lakini na lile la kufika mlangoni akaombwa neno akanyamaza, nalo kaliandika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ikaja karatasi ya kumwita mahakamani. Aliipokea Bimkubwa, akasema mwenye eda haendi mahakamani. Hakwenda.

Siku ya kutoka eda walifanya karamu. Bimkubwa mwenyewe alimkosha kwa maji ya mawaridi, akamvisha kanga mpya, akamfukiza udi mpaka nyumba nzima ikanukia, akamsuka nywele kwa mkono wake ule uliovunjika. Kisha mbele ya watu wote akasema, "Nimeona eda nyingi. Hii ndiyo eda. Leo nakubali ulikuwa mke wa ndugu yangu."

Mwanamize alilia kwa furaha. Mimi nilikula pilau huku nikihesabu Jumatatu zilizopita.

Asubuhi yake, hakuna aliyemwambia, alivaa buibui jipya akapanda boti kwenda Wete. Nilikwenda naye. Njia nzima alikuwa anazungumza, ile sauti imerudi, anamtania nahodha, anasema kesho anawasha tanuri. Alikuwa amemfungia Haidar halua. "Safari hii atapokea," akasema, "ya karamu haikataliwi."

Haidar alipomwona mlangoni alisimama, kisha akakaa, akashika kichwa. "Bi Mwanamize, hati ya kukukamata ilitoka wiki iliyopita. Ilikuwa tuje na polisi leo mchana."

"Si nimekuja mwenyewe?"

"Umekuja mwenyewe, na hilo nitalisema. Lakini siwezi kukuruhusu urudi."

Akatazama halua yake. Akaiweka juu ya meza. Askari alipofika alimkuta ananukia udi kama biharusi.

Kesi haikuchukua muda. Hakimu yule yule, miwani ile ile. Akasoma masharti, akamuuliza kama kweli hakufika miezi hiyo. Mwanamize akasema kweli. Sababu?

"Nilikuwa edani, mheshimiwa. Mume wangu alifariki."

"Pole sana. Na nani alikwambia mwenye eda hawezi kutoka mchana kwa haja kama hii?"

Mwanamize akatazama chini. Hakimu akasema, "Ofisi ya Kadhi iko mji huu huu. Kuna aliyekwenda kuuliza?" Hapana. Katika kijiji kizima chenye wasomaji na waitikiaji, hakwenda mtu. Nami na masomo yangu ya darasa la saba sikuwa najua kama hilo ni swali. Hakimu akaahirisha, na siku iliyofuata akaja mzee mmoja kutoka kwa Kadhi, Mzee Ishak, akasimama, akasema kwa upole kama anayemweleza mtoto: mjane hulala nyumbani kwake, hajipambi wala haposwi. Ama mchana, akiwa na haja ya lazima, hutoka, akaitimiza, akarudi. Kuitwa na hakimu ni haja. Na kumjibu mtu kwa dharura, sauti yake haina makosa.

Mambo yote yalikuwa hayo. Alimaliza kwa muda mfupi kuliko wa kubandika mofa.

Hakimu akataka kumsikia Bimkubwa. Bimkubwa akapanda, akauweka ule mkono wa kuvunjika juu ya mbao za kizimba, wote tuuone.

"Ulimzuia mjane huyu kufika kwa afisa?"

"Mlango wa nyumba ile hauna kufuli, mheshimiwa."

"Afisa anasema ulimwambia sauti yake ni utupu."

"Nilisema niliyoyasoma. Yeye ni mtu mzima, ana dini yake na akili yake. Sikumshika mdomo."

Na kweli hakumshika. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Mdomo aliufunga mwenyewe, kwa mikono yake, nami nimeona.

Hakimu akamgeukia Mwanamize, akavua miwani. Hapa nilikuwa nimeshika benchi kwa kucha. Maana mtu yeyote aliona hakimu anamfungulia mlango.

"Sikiliza vizuri. Nitakuuliza mara moja. Ulizuiwa? Ulitishwa, ulilazimishwa kunyamaza? Kama ulizuiwa sema sasa, kwa sababu aliyezuiwa na aliyekataa si kitu kimoja mbele ya sheria. Naweza kukuongezea muda ukabaki nje. Naweza kukutoza faini tu. Lakini lazima niwe na pa kusimama."

Sema ndiyo. Neno jengine moja. Mwanamize akamtazama Bimkubwa. Na Bimkubwa, Mungu anamwona, akamtazama kwa macho ya upendo, macho yale yale ya siku ya karamu, na akatikisa kichwa taratibu, kama kwa mwanafunzi wake.

"Sikuzuiwa," akasema Mwanamize. "Nilikaa eda yangu kwa ridhaa yangu."

Haidar aliinama. Hakimu akavaa miwani na sauti ikawa ya serikali. Mshtakiwa alipewa nafasi. Masharti aliyafahamu. Afisa alimfuata mpaka nyumbani, akamuomba neno moja, naye akamnyima. Wito wa mahakama ulifika, hakuja. Mahakama haiwezi kusema amri yake ni ya mwenye kutaka. Uangalizi umefutwa. Kwa kosa la kumvunja mkono Bimkubwa, miezi tisa.

Kwetu jela huitwa Chuo cha Mafunzo. Mimi sijui atafunzwa nini huko asichokijua.

Bimkubwa alilia tulipokuwa botini. Alilia kweli, siwezi kumsingizia. Wiki ile ile vijana wake wakalivunja tanuri, maana halina mwenyewe na linajaza nafasi, na pale sasa pana banda la kuku. Nyumbani kwa Talib amekaa mpwa wake na mkewe, kwa muda, wanasema, mpaka mwenyewe atoke. Na kila mahali penye msiba Bimkubwa anamtaja. Anawaambia wajane vijana, "Kaeni eda kama ya Mwanamize." Siku moja mbele yangu alimwambia hivyo mjane wa watu, msichana mdogo, anaitwa Rahila. Nikasimama nikasema, "Mwenyewe yuko jela, bi mkubwa, malizia hadithi." Tangu siku hiyo siitwi kwenye hitima. Rahila alinifuata kisimani, akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli anaweza kwenda hospitali kwa mtoto wake. Nikampeleka mimi.

Mimi huenda kumwona Mwanamize wanaporuhusu. Amekonda, lakini mikono ndiyo iliyonishtua. Inaota vinyweleo tena, rangi inarudi kama mikono ya watu. Aliniuliza habari ya kijiji, nikampa ninazoweza. Ya tanuri sikumpa. Akaniuliza, "Wanasemaje juu ya eda yangu?"

"Wanaisifu."

"Basi," akasema, akatikisa kichwa. "Basi."

Nikamuuliza huko ndani siku zinakwendaje. Akasema wanalima mihogo, wanasuka ukili, wanasali. Wanaowalinda ni askari wanawake, lakini hesabu ya asubuhi huja kuichukua mkubwa wao, mwanamume, kijana wa umri wa Haidar. Husimama mlangoni na daftari lake, akawaita mmoja mmoja, na ukijibu kwa sauti ndogo hukuita tena mpaka asikie.

"Nawe unajibuje?" nikamuuliza.

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Kisha akavuta pumzi, na pale pale, mbele ya askari na wageni wote, akaitoa ile sauti ya mofa, nzima, ya kufika ufukweni:

"Nipo!"

Watu wakageuka. Askari akatwambia muda umekwisha.